Kufuga kuku wachache mjini: matatizo yanayoruka ukuta na jinsi ya kuyawahi

Watu wengi wakitaka kuanza kufuga kuku nyuma ya nyumba wanauliza kwanza nichukue kuku wa aina gani, nitapata mayai mangapi, vifaranga nipate wapi. Maswali mazuri tu, ila mi nimefuga mjini miaka kadhaa sasa na ninachoweza kukwambia ni kwamba kuku wenyewe sio kazi, kazi ni ukuta. Yaani kila kinachotoka bandani kwako, harufu, kelele, nzi, panya, kinaruka ukuta kinaenda kwa mtu ambaye mayai yako hata hayali, na kila kilichoko huko nje, magonjwa, paka, mbwa, mwizi, nacho kinaruka ukuta kinakuja kwako. Shambani ukikosea kosa linapotelea kwenye nafasi, mjini ukikosea leo kesho kuna mtu anagonga geti.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari nenda ukaulize sheria za eneo lako, usitegemee kwamba fulani anafuga na hajawahi kuulizwa. Kuna miji inaruhusu idadi fulani tu, mingine inakataza jogoo, mingine inataka banda liwe umbali fulani kutoka nyumba ya jirani, na mingine hairuhusu kabisa. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba na akikubali mwambie aandike hata kwa meseji ili ibaki ushahidi. Afu nenda kwa majirani wa pande zote KABLA kuku hawajafika, mwambie unataka kuweka kuku wangapi, banda litakaa wapi, na akiona kero yoyote aje kwako moja kwa moja. Jirani aliyeambiwa mapema anavumilia mengi, jirani aliyeshtukizwa na kuku hata nzi aliyetoka jalalani atasema ni wako.

Jogoo achana naye. Najua wengine wanaamini bila jogoo kuku hatagi, sio kweli, mtetea anataga vizuri tu bila jogoo, mayai yanakuwa hayana mbegu basi, hayatotolewi lakini kwa kula ni yaleyale. Na usidanganyike kwamba ukimfungia jogoo gizani atanyamaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya huko Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo anaongozwa na saa iliyoko ndani ya mwili wake, hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika bado anaanza kuwika muda wake wa alfajiri ukikaribia. Kwa hiyo kitambaa cheusi dirishani hakiwezi kumbadilisha. Mitetea nao wana kelele zao, akishataga anatetea dakika kadhaa kila mtu ajue, lakini hiyo ni mchana na ni kelele ya kuvumilika, muhimu tu usiweke viota vya kutagia chini ya dirisha la chumba anacholala jirani.

Idadi: anza na wanne mpaka sita. Mmoja usifuge, kuku ni mnyama wa kundi, peke yake anakosa raha na hata kula anakula vibaya. Kumi na tano kwenye kiuwanja kidogo ni matatizo unayajenga mwenyewe. Kipimo ninachotumia ni ndani ya banda kila kuku apate kama mita 0.37 ya mraba hivi, na sehemu ya kutembea nje kama mita 1 ya mraba kila mmoja, zaidi ya hapo ni bora zaidi. Fito za kulalia kila kuku apate sentimita 20 hadi 25, na kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kinatosha kuku wanne au watano, wala usishangae ukiwatengenezea viota vitatu wote wakagombania kimoja, ndo walivyo.

Sasa banda. Kosa ninaloliona sana ni watu kuzungushia ule wavu mwembamba wenye matundu ya pembe sita wakadhani wamemaliza. Ule wavu unamzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama asiingie, mbwa anaurarua na panya anapita kwenye tundu bila hata kujibana. Tumia wavu wa chuma mgumu wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.3, hasa kwenye madirisha na sehemu ya chini, na ule wa chini uchimbie ardhini kama sentimita 30 au uulaze chini kwa nje kama pazia ulilolikunja, mnyama akichimba anakutana nao. Kama wavu wa pesa nyingi hauwezi kuuweka kote, weka pale wanapolala, manake maadui wengi wanakuja usiku. Mlango uwe na kufuli kwa ajili ya binadamu na komeo lisilofunguka kwa kusukumwa kwa ajili ya wanyama. Na juu pia pafunikwe, vifaranga wanachukuliwa na mwewe na kunguru mchana kweupe we unaangalia.

Hewa ipite juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala, sio iwapige moja kwa moja. Watu wanaziba banda lote wakiogopa baridi, kumbe kuku aliyekomaa anavumilia baridi kuliko anavyovumilia hewa chafu.

Hapo sasa nifike kwenye kitu ambacho naona ndo chanzo cha karibu kila tatizo, unyevu. Kinyesi kibichi cha kuku karibu robo tatu yake ni maji, na kikikaa na unyevu wake bakteria wanakivunja kinatoa amonia, ile harufu inayochoma pua. Kikikauka haraka hakinuki hivyo. Yaani harufu ya kuku mara nyingi sio kwamba kuku ni wachafu, ni kwamba banda limelowa. Na amonia haimuudhi jirani tu, inaunguza macho na njia ya hewa ya kuku na ndo unaanza kuona mafua yasiyoisha, unanunua dawa kila wiki kumbe tatizo liko sakafuni. Wewe ukisimama bandani pua yako iko juu, kuku pua yake iko chini pale pale kwenye kinyesi, kwa hiyo chuchumaa asubuhi kabla hujafungua madirisha, vuta hewa, kama macho yanawasha basi wenzio wamelala humo usiku kucha.

Namna ya kukausha: sakafu weka maranda makavu au maganda ya mpunga au majani makavu yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 mpaka 10, na uwe unayapindua kila baada ya siku chache. Chukua kiganja kimoja ukikamue, yakishikana kama donge ujue yamelowa, toa ile sehemu ongeza makavu. Chini ya fito weka ubao au bati, kwa sababu sehemu kubwa ya kinyesi wanaitoa usiku wakiwa wamelala, asubuhi unakwangua dakika tatu unaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, basi kazi kubwa ya siku imeisha. Kwangu hiki kiubao ndo kilimaliza malalamiko ya harufu kuliko dawa yoyote ya kupuliza niliyowahi kujaribu. Chombo cha maji kiinue mpaka usawa wa mgongo wa kuku, kikiwa chini wanakimwaga na kukichafua, na kama inawezekana kikae nje ya sehemu yenye maranda. Na paa livuke ukuta wa banda vizuri ili mvua ya upepo isiingie.

Kinyesi chenyewe usikitupe kwenye mtaro, changanya na majani makavu mengi na ukilundike kioze miezi mitatu hivi au zaidi ndo uweke kwenye mboga, kikiwa kibichi kina naitrojeni kali kinaunguza mizizi na pia kinaweza kuwa na bakteria wa salmonela.

Panya wanafuata chakula, sio kuku, ingawa wakizoea wanakula mayai na hata vifaranga. Jioni toa chombo cha chakula bandani, kuku hali usiku, chakula kinacholala bandani ni cha panya. Gunia la chakula lisikae wazi, weka kwenye pipa la chuma lenye mfuniko unaobana, plastiki wanaitoboa. Sumu ya panya sishauri kabisa penye kuku, kuku anadonoa chochote na anaweza hata kumla panya aliyekufa kwa sumu, tumia mitego iliyofunikwa kwenye kisanduku ambacho kuku hawezi kuingiza kichwa.

Magonjwa nayasema kwa uchungu kwa sababu nimelipia. Nilikuwa na mitetea sita wanataga vizuri, mtu akanipa mmoja mzuri sana, mzima kwa kumwangalia, nikamchanganya siku ileile. Siku ya tano mmoja amesinzia mabawa yameshuka, kesho yake wawili wanaharisha kijani, mmoja shingo imepinda, na ndani ya wiki moja na nusu nikabaki na mmoja. Kideri, wengine wanaita mdondo. Ni virusi, hakina dawa ya kutibu, antibayotiki utakayopewa haiui virusi hata uiweke lita nzima. Tangu hapo kuku yeyote mgeni anakaa peke yake mbali na wenzake si chini ya wiki mbili, mi nafanya wiki nne, namhudumia wa mwisho baada ya wenyeji, na nina ndala za bandani ambazo haziendi popote pengine. Ukitoka kwenye banda la mtu mwingine usiingie kwako na viatu vilevile.

Chanjo sasa, hapa ndo wafugaji wadogo wa mjini tunapata shida ya pekee. Chupa ya chanjo ya kideri inatengenezwa kwa kuku wengi, mara nyingi mia na kuendelea, na ukishaichanganya inabidi itumike ndani ya saa chache, kwa hiyo mwenye kuku watano anaona anamwaga hela anaacha. Dawa yake ni kujiunga, tafuta wafugaji wenzio wa mitaa ya karibu, mkubaliane siku moja, chupa moja izunguke, ila anayezunguka asiwe anaingia kila banda na viatu vyake vichafu au mtaeneza ugonjwa mliokuja kuuzuia. Ile ya matone ya jicho inayoitwa I-2 inarudiwa kila miezi mitatu au minne. Ya kwenye maji kama LaSota ina mtego ambao mjini ni mkubwa zaidi, maji ya bomba yana klorini na klorini inaua chanjo hai, kwa hiyo tumia maji safi yasiyo na dawa, au weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, acha dakika chache ndo uchanganye chanjo. Wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla ili wanywe yote kwa haraka. Chanjo isafirishwe kwenye baridi, na kuku anayeumwa usimchanje. Ratiba ya chanjo nyingine, gumboro (ugonjwa wa virusi) kwa vifaranga, ndui na kadhalika, mwulize daktari wa mifugo wa eneo lako kwa sababu zinategemea magonjwa yaliyopo hapo.

Magonjwa na wadudu wengine wa kuwajua kwa ufupi. Kuharisha damu kwa vifaranga wa wiki tatu mpaka sita mara nyingi ni koksidia, vimelea vya utumbo, na rafiki yake ni uleule unyevu. Ndui inaletwa na mbu, mwaga maji yaliyotuama. Utitiri mwekundu unajificha kwenye nyufa mchana unanyonya damu usiku, kwa hiyo kuku akipauka kichwa na kugoma kuingia bandani jioni, nenda na tochi usiku uangalie chini ya fito. Wakifa ghafla wengi kwa mpigo usiwachinje waliobaki, usiwagawe, usiwauze, piga simu kwa mamlaka ya mifugo, inaweza kuwa mafua ya ndege na hayo yanampata hata binadamu. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakitoka kuwashika, kuku mzima kabisa anaweza kubeba salmonela.

Kuna kitu kingine cha mjini ambacho wengi hawakifikirii, udongo. Kuku anakula kwa kuchakura, na udongo wa mjini unaweza kuwa na madini ya risasi kutoka rangi za zamani zilizobanduka ukutani, mafuta ya magari ya miaka ile ya petroli yenye risasi, betri zilizovunjwa. Inaingia kwenye yai bila dalili yoyote kwa kuku. Watafiti wa Sydney, Australia, walitoa matokeo mwaka 2022 wakaonyesha mayai ya kuku wa nyuma ya nyumba yalikuwa na risasi wastani zaidi ya mara 40 ya mayai ya dukani, na zaidi ilikuwa kwenye maeneo ya kati yenye nyumba kongwe. Sisemi uache, nasema chagua sehemu, usiweke kuku chini ya ukuta mkongwe unaobanduka rangi wala palipokuwa gereji, chakula usimwage chini weka kwenye chombo, na kama una wasiwasi leta udongo safi au mchanga uinue sehemu yao, au upime udongo kama maabara ipo. Kama nyumbani kuna watoto wadogo au mjamzito hili ulichukulie kwa uzito kabisa.

Chakula, kuku mkubwa wa mayai anakula kama gramu 110 mpaka 130 kwa siku. Mabaki ya jikoni ni nyongeza tu sio mlo, wakijaa makombo protini inapungua na mayai yanapungua, afu watu wanalaumu aina ya kuku. Usiwape maganda na kokwa za parachichi, maharage makavu yasiyopikwa, maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, vyakula vya chumvi nyingi, wala chochote chenye ukungu, hasa mahindi. Kalsiamu weka chombo chake pembeni, maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa au maganda ya mayai uliyoyakausha na kuyaponda mpaka yasifanane na yai, ukiwatupia nusu yai wanajifunza kula mayai yao na hiyo tabia kuitoa ni shida. Kuku waliofungiwa wape na changarawe ndogo za kusagia chakula.

Joto msilidharau, kuku hatoi jasho, anahema mdomo wazi, na chini ya bati mchana ni tanuri. Likivuka nyuzi 30 hivi weka kivuli, nyanyua paa hewa ipite, funika bati na makuti au kitu cha kuzuia jua, maji ya baridi mara mbili tatu, na chakula wape asubuhi mapema na jioni.

Wakianza kudonoana mpaka damu, usikimbilie kukata midomo. Angalia kwanza nafasi, joto, chombo cha chakula kama wote wanafikia, na kama wana cha kufanya. Funga fungu la majani usawa wa juu kidogo waruke kulidonoa, wape beseni la mchanga mkavu waoge vumbi, na aliyejeruhiwa mtoe haraka kwa sababu wakiona wekundu hawaachi. Wanaoruka ukuta kata manyoya marefu ya bawa MOJA tu, sehemu isiyo na damu, akiruka anayumba anaacha.

Mayai yatapungua, hilo lijue mapema. Wakipukutisha manyoya wanasimama wiki kadhaa, mchana ukiwa mfupi wanapunguza kwa kuwa wanahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16, na baada ya miaka miwili mitatu kila mwaka anataga chini ya uliopita wakati anaweza kuishi miaka sita au zaidi. Nafasi ya mjini haitoshi kuku wa kustaafu na wapya kwa pamoja, kwa hiyo amua sasa, na uwaambie na watoto, kama kuku wa zamani ataliwa, atauzwa au atabaki, manake kuamua siku hiyo akiwa na jina na watoto wanamlilia ni kugumu sana.

Na ukisafiri, siku moja wanaweza kukaa wenyewe kama maji ni ya kutosha na chombo hakimwagiki, zaidi ya hapo anahitajika mtu. Mi nampa jirani yuleyule wa ukuta wa nyuma, mayai yote ya siku hizo ni yake, namwonyesha siku moja kabla namna ya kufungua komeo, pipa la chakula liko wapi, wanahesabiwaje jioni kabla ya kufunga, na namwachia namba ya daktari wa mifugo kwenye karatasi iliyogongelewa mlangoni pa banda. Na zile ndala za bandani, avae hizo hizo.